Kitambaa cha Ishirini

Katika nchi moja ambayo haimo katika ramani yoyote iliyochorwa kwa uaminifu, Serikali iliketi siku tatu ikagundua kwamba ilikuwa na wizara mbili mahali palipostahili moja. Wizara ya Michezo ilisimamia watu wenye nguvu. Wizara ya Afya ilisimamia watu walioishiwa nguvu. Kwa kuwa kila raia, akichunguzwa vizuri, huangukia upande mmoja au wa pili, ilionekana ni israfu kumwekea mawaziri wawili. Wizara zikaunganishwa, na Mheshimiwa Balthazari Ngulumbi akaapishwa kuwa Waziri wa Michezo, Afya na Mambo Yanayofanana.

Mheshimiwa hakuwa mtu wa kukaa bure. Katika wiki yake ya kwanza alitembelea Chuo cha Taifa, akakuta madarasa mawili yakitazamana: upande huu vijana wakisoma Usimamizi wa Michezo, upande ule vijana wakisoma Teknolojia ya Upasuaji. Alisimama katikati ya ukumbi, akatazama kulia, akatazama kushoto, akauliza, “Hawa wote wamevaa sare?”

“Ndiyo, Mheshimiwa,” akajibu Mkuu wa Chuo, Bwana Nikodemu Pangapanga, aliyekuwa meneja wa timu ya mpira kabla ya kupewa elimu kwa barua ya uteuzi.

“Golikipa huvaa glavu?”

“Huvaa, Mheshimiwa.”

“Na daktari wa upasuaji?”

“Huvaa, Mheshimiwa.”

“Basi mnanionyesha nini hapa zaidi ya kitu kimoja kilichokatwa vipande viwili na wakoloni?”

Kabla ya jua kutua, Waraka Namba Saba ulikuwa umekwisha kupigwa chapa. Tangu siku hiyo kukawa na Stashahada moja ya Usimamizi wa Michezo na Teknolojia ya Upasuaji, na mwanafunzi aliyejua kupanga ratiba ya ligi alihesabiwa kuwa amejua nusu ya tumbo la mwanadamu.

*

Bi. Eufrasia Komba aliusoma waraka huo mara tatu, akiwa amesimama, kama alivyofundishwa kusoma maandishi ya wakubwa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, mwembamba, mwenye viatu vyeusi vilivyong'arishwa kila asubuhi, na kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amewafundisha vijana kazi ya kumsaidia daktari wa upasuaji: kuandaa kisu na koleo na mkasi, kumpa mkononi kabla hajauliza, na, juu ya yote, kuhesabu.

Kuhesabu ndiko kulikokuwa roho ya somo lake. Kila kitambaa cha shashi kinachoingia tumboni mwa mgonjwa kufyonza damu huhesabiwa kwa sauti kinapoingia, na huhesabiwa kwa sauti kinapotoka. Na tumbo halishonwi mpaka hesabu hizi mbili ziwe sawasawa. Kitambaa kikisahaulika ndani, mgonjwa hurudi nyumbani na jeraha zuri la kupendeza, kisha huoza taratibu, akafa mwezi wa pili huku ndugu wakiulizana ni nani aliyemroga.

Somo hilo alilipata kwa Sista Hildegunda wa hospitali ya misheni, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kucheka akiwa zamu. Sista alimwachia pia kining'inizo cha mbao kilichochongwa na seremala wa misheni, chenye ndoana ishirini za shaba. Kila kitambaa kilichotoka kilitundikwa kwenye ndoana yake, kikichuruzika, na hata mtu asiyejua kusoma aliweza kuona kama ndoana yoyote ilikuwa tupu.

“Wa kwanza huhesabu kwa mdomo,” Sista alizoea kusema, “na wa pili humsikiliza wa kwanza. Mmoja peke yake si hesabu, ni maoni.”

Mtaala mpya ulimwondoa yule wa pili. Nafasi yake alipewa Msimamizi wa Ubao wa Matokeo. Aidha, upasuaji uliwekewa dakika arobaini na tano, mwamuzi mwenye filimbi, kadi mbili za rangi, na wachezaji wa akiba watatu. Kila mtumishi alipewa namba mgongoni, na kifungu cha kumi na nne kikaamuru kwamba meza ya vifaa haitaguswa na yeyote ila mwenye namba nne. Namba nne alipewa Bi. Eufrasia.

“Na hesabu isipotimia kabla ya filimbi?” aliuliza kikaoni.

Bwana Pangapanga alitabasamu kwa huruma. “Mama Komba, filimbi ikilia, hesabu inakuwa imetimia. Ndiyo kazi ya filimbi.”

*

Uzinduzi wa stashahada ulipangwa kufanyika Uwanja Mkuu, mbele ya watu elfu thelathini, kabla ya mechi ya kirafiki. Katika duara la katikati kilijengwa chumba cha vioo, kikapigwa dawa siku mbili, kikawekewa meza, taa, na kipaza sauti ili wananchi wasipitwe na neno. Na kwa kuwa Mheshimiwa Ngulumbi alikuwa na ngiri ya siku nyingi, alitangaza redioni kwamba mgonjwa wa kwanza angekuwa yeye mwenyewe. Taifa lililia kwa fahari.

Siku ilipofika, Waziri aliingia uwanjani amevaa joho la kijani la wagonjwa juu ya suti. Alipunga mikono. Alizunguka uwanja mara moja na nusu. Alipofika mlangoni pa chumba cha vioo akaiona meza, na juu ya meza akakiona kisu, na kisu kilikuwa hasa kama visu vilivyo.

Alisimama hapo kwa muda wa kutosha kusali sala fupi. Kisha akamwita mwamuzi, akamnong'oneza. Mwamuzi akainua kibao chenye namba za taa: mgonjwa anatoka, mgonjwa wa akiba anaingia. Pamoja na Waziri walitolewa mlinzi wake na mchukuzi wa mto wake, na kwa hivyo nafasi zote tatu za akiba zikawa zimetumika.

Mgonjwa wa akiba alikuwa Mzee Kasiani, mchora mistari wa uwanja huo, mtu wa miaka sitini na sita, aliyeteuliwa kwa sababu mbili: alikuwa na ngiri kubwa kuliko ya Waziri, na alikuwa karibu. Walimkuta kwenye kona ya uwanja na ndoo ya chokaa.

“Nimalizie kona hii kwanza,” alisema.

Hawakumruhusu.

*

Mzee Kasiani alichomwa ganzi ya mgongo, ile inayoua mwili kuanzia kiunoni na kuacha kichwa kikiwa na akili zake zote. Alilala akitazama taa, mikono yake yenye chokaa imefungwa kandokando.

“Mwalimu,” alimwita Bi. Eufrasia, na sauti yake ikatoka katika spika zote za uwanja, “wewe ndiwe unayehesabu?”

“Ndimi, Mzee wangu.”

“Hesabu kwa nguvu basi. Mimi nisiposikia hesabu naona kama nimepotea njia.”

Daktari Anselmi alipasua. Alikuwa fundi hodari wa kupasua, na mwoga hodari zaidi wa waraka; kwa miaka kumi alikuwa ameshinda kila tatizo la kazi kwa kutoliona. Ngiri iliponyanyuliwa, mshipa ulifyatuka na damu ikajaa. Vitambaa vikaanza kuingia kwa haraka, na Bi. Eufrasia akavihesabu kimoja baada ya kingine, sauti yake imenyooka kama rula. Kutoka mezani, midomo ya Mzee Kasiani ilimfuata. Kimoja. Viwili. Vitatu. Cha ishirini kilipoingia, damu ilikoma.

Ubao mkubwa wa uwanja ulikuwa tayari umeandika ISHIRINI KWA ISHIRINI. Uliandikwa hivyo tangu asubuhi, kwa kuwa fundi wa ubao alikuwa na harusi mchana.

Dakika ya thelathini na saba vitambaa vilianza kutoka. Bi. Eufrasia alivitundika kwenye ndoana za Sista. Alipotundika cha mwisho, mkono wake ulirudi kwa daktari kupokea kingine, na daktari hakuwa na kingine.

Akahesabu tena, kimoyomoyo, akigusa kila ndoana kwa koleo. Akatazama sakafuni. Akatazama ndani ya beseni. Akainua kitambaa kimojawapo kuona kama viwili havikushikana. 

Daktari Anselmi alinyoosha kiganja bila kutazama, kama afanyavyo kila daktari anayemwamini mtu wake. “Sindano.”

Sindano na uzi vilikuwa mkononi mwa Bi. Eufrasia. Vikabaki humo.

“Sindano, Bi. Eufrasia.”

“Daktari, ni kumi na tisa.”

Kiganja kilibaki hewani, wazi, kikingoja. Dakika ya thelathini na tisa.

*

Neno hilo lilitoka kwenye spika na kuzunguka uwanja, na watu waliokuwa wakinunua karanga wakaacha kununua. Bwana Pangapanga alishuka kutoka jukwaa kuu mbio, akaingia chumba cha vioo na viatu vyake vya kawaida, kalamu mkononi na karatasi kwapani. Ilikuwa Fomu ya Hitimisho la Hesabu. Wote walikwisha kuitia sahihi tangu asubuhi, pamoja na daktari. Palibaki mstari mmoja mtupu.

“Mama Komba, weka sahihi.”

“Nitie sahihi kwamba ni ngapi?”

“Fomu haiulizi ngapi. Fomu inauliza kama hesabu imehitimishwa. Tazama ubao! Unaona ubao unasemaje?”

“Ubao haujaingia tumboni, Bwana Mkuu.”

“Tafadhali, Mama. Nakusihi.” Aliteremsha sauti, akasahau kipaza sauti, na watu elfu thelathini wakamsikia akisihi. “Waziri anatazama. Ni kitambaa tu! Kitu laini! Wangapi wanatembea mjini na vitu vigumu zaidi ya hicho ndani yao?”

Mwamuzi alimwonyesha Bi. Eufrasia kadi ya njano kwa kuchelewesha mchezo. Aliipokea kwa kuinamisha kichwa kidogo, kwa sababu alilelewa kuheshimu sare. Sindano haikutoka mkononi.

“Ya pili itakuwa nyekundu,” mwamuzi alisema, “na utatoka.”

“Nitatoka, bwana. Na atakayekuja mezani ni nani?”

Mwamuzi alifungua mdomo. Bwana Pangapanga akafungua kitabu cha kanuni. Walisoma pamoja kifungu cha kumi na nne, kidole juu ya kidole: meza haitaguswa na yeyote ila mwenye namba nne, na mwenye namba nne hubadilishwa tu na mchezaji wa akiba, na wachezaji wa akiba wote watatu walikwisha kutumika siku ambayo ngiri ya Waziri iliogopa kisu, yaani leo, saa moja iliyopita. Mwamuzi akairudisha kadi nyekundu mfukoni taratibu, kama mtu anayerudisha yai kiotani.

Dakika ya arobaini na moja.

Ndipo Mzee Kasiani alipokohoa. “Mwalimu. Kimebaki kimoja?”

“Kimoja, Mzee wangu.”

“Basi kimo humu ndani. Nilikuwa naandamana na sauti yako. Ishirini viliingia, nami nilivipokea.”

“Mgonjwa si ofisa wa mchezo!” Bwana Pangapanga alipaza sauti. “Ushuhuda wake haupokelewi!”

“Haya, usiupokee, mwanangu. Lakini nikuambie kitu. Uwanja huu naupima kwa miguu mwaka wa thelathini huu. Kutoka mwimo hadi mwimo wa goli ni hatua nane. Siku nikipata saba, sisemi goli limepungua. Nasema nimekosea mimi, narudi nyuma, naanza tena. Hata siku moja sijaliomba goli liweke sahihi.”

Kicheko kilipita jukwaani. Kikakatwa na sauti ya Waziri mwenyewe kutoka jukwaa kuu, nene, iliyojaa utulivu wa mtu ambaye tumbo lake limefungwa.

“Ndugu wananchi. Hesabu ni nguzo ya maendeleo, na ndiyo maana Serikali yenu haikuiacha mikononi mwa watu wenye kuhesabu. Hesabu iliyotangazwa ni hesabu tukufu. Anayeirudia anaitilia shaka. Anayeitilia shaka anamtilia shaka aliyeitangaza. Na aliyeitangaza, ndugu wananchi, ni mimi. Namwagiza daktari ashone. Mzee Kasiani amelitumikia taifa kwa chokaa; leo analitumikia kwa tumbo. Tumpigie makofi.”

Makofi yalipigwa na jukwaa kuu peke yake.

 Kiganja cha Daktari Anselmi kilichokingwa kilikuwa kimeanza kufanya ukoko wa damu. “Mama,” alisema kwa sauti ndogo, “nina watoto wanne. Nipe sindano, niue mtu kwa utaratibu.”

Bi. Eufrasia alimtazama juu ya barakoa. Aliogopa. Aliwaza juu ya chumba chake cha chuo ambacho kesho kisingekuwa chake. Aliwaza juu ya Sista Hildegunda, na yule wa pili anayemsikiliza wa kwanza, ambaye waraka ulikuwa umemfuta.

Kisha akafanya jambo ambalo kanuni haikulikataza, kwa kuwa hakuna aliyewaza kwamba mtu angelifanya. Alikigeuza kining'inizo. Alikisukuma hadi kwenye kioo, ndoana zikatazama jukwaa la jua, mahali wanapoketi wasio na kivuli. Akainua koleo, akagusa ndoana ya kwanza.

“Moja,” alisema.



“Mbili.”

Mwanamke mmoja juu kabisa, mwenye beseni la karanga kichwani, akaitikia, “Mbili!”

“Tatu,” wakasema watu kumi. “Nne,” wakasema mia. Ilipofika saba jukwaa lote la jua lilikuwa limesimama, na ilipofika kumi na mbili vioo vya chumba vilitetemeka. Mzee Kasiani alihesabu pamoja nao, macho yamefumbwa, kama mtu anayepima kiwanja. Kumi na sita. Kumi na saba. Hata kwenye jukwaa kuu mtu mmoja alijisahau akatamka, akazibwa mdomo na mkewe.

“Kumi na nane!”

“Kumi na tisa!”

Koleo likagusa ndoana ya ishirini. Shaba iligongwa na chuma, ikalia, ting, kwenye spika zote.

Watu elfu thelathini hawakusema kitu.

Ukimya ule ulikuwa mzito kuliko kelele zote zilizopata kupigwa uwanjani humo. Juu yake ubao uliendelea kuwaka: ISHIRINI KWA ISHIRINI. Dakika ya arobaini na nne.

Daktari Anselmi aliangalia ndoana tupu. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi aliona tatizo. Akakishusha kiganja chake, na badala ya kuomba tena sindano, akauingiza mkono tumboni hadi kifundo.

Filimbi ikalia.

“Toa mkono!” mwamuzi alipiga kelele. “Muda umekwisha! Toa mkono, ni faulo!”

Akapuliza tena, na tena, mashavu yamemvimba, na daktari akainamisha kichwa, akafumba macho, akipapasa nyuma ya utumbo kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Bi. Eufrasia alisimama na sindano yake.  Mzee Kasiani alisema kwa upole, “Usiharakishe, mwanangu, mimi sina mahali pa kwenda.”

Mkono ukatoka. Katika vidole vyake kilining'inia kitu chekundu, kidogo, kilichojikunja. Bi. Eufrasia alikipokea kwa koleo, akakitandaza, akakitundika.

Uwanja ulisema ishirini kwa sauti iliyosikika, wasemavyo, hadi mpakani.

Ndipo kiganja cha daktari kiliponyooshwa bila kutazama, na kabla hajanena neno, sindano ilikuwa imekwisha kulala juu yake.

*

Taarifa rasmi ilieleza kwamba upasuaji ulimalizika kwa mafanikio dakika ya arobaini na tano, hesabu ikiwa ishirini kwa ishirini kama ilivyotangazwa asubuhi, na kwamba yote yanayodaiwa kutokea baada ya filimbi hayakutokea. Kwa kuwa Mzee Kasiani alishonwa baada ya filimbi, kitabu cha hospitali kinamwandika hadi leo kuwa yu wazi, na kila mwezi hupelekewa barua ya kumtaka asitembee.

Daktari Anselmi alihamishiwa ofisi ya takwimu, mahali ambapo mikono haina kazi. Bi. Eufrasia alipewa kadi nyekundu kwa posta. Aliondoka chuoni kwa miguu, viatu vimeng'arishwa. Kining'inizo cha Sista kilichukuliwa kama kielelezo cha uchochezi, na wiki iliyofuata kilionekana miongoni mwa mizigo ya Mheshimiwa Ngulumbi uwanja wa ndege, alipokuwa akisafiri kwenda nchi ya mbali kupasuliwa ngiri.

Kabla ya safari alitia sahihi Waraka Namba Nane, usemao kwamba ni marufuku kwa mtu yeyote kuhesabu kwa sauti mahali pa hadhara kupita kumi na tisa.

Sheria ni sheria, na wananchi wa nchi hiyo ni watiifu. Jumamosi iliyofuata kupona kwake, Mzee Kasiani alirudi uwanjani na ndoo ya chokaa. Bi. Eufrasia, asiye na kazi tena, alikuwa amekata tikiti ya jukwaa la jua, akaketi karibu na mwanamke wa karanga. Mzee alianza kuupima mstari wa pembeni kwa hatua, polepole, mkono mmoja ubavuni, akihesabu kwa sauti kama ilivyokuwa desturi yake, na askari wawili wakimfuata na nakala ya waraka.

Alipofika kumi na tisa, alinyamaza. Aliwatazama askari. Akainua mguu, akaukanyaga chini kwa uangalifu hatua moja zaidi, akasimama hapo, mdomo umefungwa kabisa.

Watu elfu thelathini walimtazama, nao midomo yao imefungwa. Kisha Bi. Eufrasia akatoa koleo mkobani, akaligonga mara moja tu kwenye chuma cha kiti chake.

Ting.

Jukwaa lote la jua likasimama.